Oili Chafu ya Alhamisi

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, naosha mguu. Sisemi miguu, nasema mguu, wa kushoto. Nautumbukiza kwenye beseni la bluu, naupaka sabuni ya kipande, nausugua polepole kwa kiganja, napitisha kidole kwenye nafasi za vidole vyake, kisha nausuuza na kuukausha kwa kanga kuukuu niliyoichana vipande. Naukausha mpaka ndani ya mikunjo, kwa sababu unyevu ukibaki humo ndiko balaa linakoanzia. Watu wa nyumbani wameshazoea. Wapangaji wapya ndio wananiangalia kwa huruma, na mimi huruma ya asubuhi asubuhi siitaki.

Ni matende. Nalitaja jina lake kwa sababu kwetu halitajwi. Kwetu husemwa "ana mguu", kana kwamba wengine wote wanatembelea mikono.

Lakini kinachoniuma si mguu. Mimi na mguu tumeshapatana. Kinachoniuma ni kwamba kwa ajili ya mguu huu shangazi yangu alitolewa nyumbani kwetu kama mchawi, na mpaka leo hakuna aliyemwambia samahani. Neno hilo moja nimelitaka kutoka kwa Mama kuliko nilivyotaka mguu upungue.

Nyumba yetu iko Temeke, ndani ndani, mahali ambapo ukimwelekeza mtu kwa simu unamaliza salio. Baba aliijenga alipotoka Lindi, chumba hiki mwaka huu, kile mwaka mwingine, mpaka ikawa nyumba. Nyuma ilikuwa na chemba ya maji machafu. Mfuniko wake wa zege ulivunjwa na vijana wa gari la kunyonya, nikiwa bado shule ya msingi. Baba akaweka kipande cha bati na tairi bovu juu yake, akasema mwezi ujao atamwaga zege jipya. Mwezi ujao wa Baba sote tunaujua. Nimemaliza shule, nimejifunza ushonaji, nimefungua banda langu la cherehani pale mbele ya nyumba, na bati bado lilikuwa palepale.

Shangazi alikuja kuishi nasi alipofiwa na mume. Ni dada mkubwa wa Baba, hakujaliwa mtoto, na Mungu alimfidia kwa mdomo. Sitaki kumpamba sasa kwa kuwa alionewa. Alikuwa mkali, mtu wa ugoro, aliyeweza kukusema kuanzia uji wa asubuhi mpaka wali wa jioni. Alimsema Mama kuhusu chumvi, akamsema Baba kuhusu chemba, akanisema mimi kuhusu wanaume ambao hata sikuwa nao. Mama na wifi yake huyo walikuwa paka na panya kabla mguu wangu haujavimba hata kidogo.

Kila Alhamisi, kabla ya Magharibi, Shangazi alichukua kopo akaenda kwa fundi wa bodaboda aliyekuwa kwenye kona ya mtaa. Alirudi na oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa ikishatumika. Alizunguka nyuma, akasogeza tairi, akainua bati, akaimimina ndani ya chemba taratibu huku midomo ikicheza. Kisha akafunika, akanawa mikono, akaenda kuswali. Mumewe aliwahi kuwa kibarua wa kupulizia dawa ya mbu mitaani, na mtaa wao zamu yake ilikuwa Alhamisi. Kwake ile ilikuwa siku ya mbu, kama Ijumaa ilivyo siku ya msikiti.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anamwaga.

"Kuna viluwiluwi humo," alisema. "Ukiwafunika na mafuta hawapumui. Babako kashindwa kufunika kwa zege, mie nafunika kwa oili."

Nikaridhika, nikaenda kucheza. Sikudhani kuna siku jibu hilo lingehitaji shahidi.

Ilikuja pia ile miaka ya kingatiba, watu wa afya wakipita nyumba kwa nyumba na vidonge vya matende, wamebeba fimbo ya kukupima urefu ili wajue umeze vingapi. Baba aliwapokea kwa adabu, akawapa viti, kisha akawaambia nyumba hii hatumezi. Walipotoka akatuambia hizo ni dawa za kufunga uzazi, wanataka kutumaliza kijanja. Shangazi peke yake ndiye aliyesimama kwenye fimbo na kumeza.

"Mie uzazi wangu Mungu kaufunga bure, hawa watafunga nini?" alisema. "Wape watoto wameze."

Baba hakutupa. Mama alisema wifi yake anataka watoto wa wenzie wawe kama yeye. Kumbukeni neno hilo, maana baadaye lilirudi likiwa limeota mapembe.

Mguu ulianza nikiwa na banda tayari, nashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Jioni kifundo kilijaa, asubuhi kikanywea. Nikasema ni kukaa sana. Kisha ikaja homa iliyonitetemesha chini ya blanketi mchana wa jua kali, mtoki ukavimba kinenani, na mguu ukawa mwekundu mpaka gotini. Homa ikaisha, uvimbe ukabaki. Ilipokuja mara nyingine, ukabaki mkubwa zaidi. Nikaacha viatu vya mkanda nikahamia malapa, nikaacha sketi nikahamia madera. Nilikuwa na mchumba, na yeye pia akahama.

Dada wa duka la dawa alisema niende hospitali. Mama alisema tutakwenda, lakini kwanza tuangalie upande wa pili. Upande wa pili alikuwa mganga mmoja wa Mbagala. Nilikuwepo, nimenyoosha mguu kwenye mkeka wake, na kila alilosema nililisikia. Mganga alisema ni mtu wa karibu. Mama akauliza, wa ndani ya nyumba? Mganga akasema, wa ndani. Mama akauliza, mwanamke? Akasema, mwanamke, tena ana kitu alichokosa. Mama akauliza, mtoto? Na kile anachomwaga nyuma kila Alhamisi? Basi mganga akafumba macho kama mtu aliyelemewa na maono, akasema huyo mwanamke kuna kitu anakimwaga nyuma ya nyumba, na binti amekikanyaga. Njiani tukirudi Mama alinishika mkono akasema, mwanangu, umesikia, kajuaje yote yale? Nikamwambia umemwambia wewe, Mama. Akasema maumivu yananisumbua.

Kabla hatujaondoka mganga alinichanja chale kwa wembe, kuzunguka kifundo chote, akapaka unga mweusi ili "kitu" kitoke. Hakikutoka kitu, kikaingia. Baada ya hapo nililala na homa iliyofanya nyingine zote zionekane mchezo, mguu ukitoa maji kwenye kila chale. Ndivyo nilivyokuwa siku walipokaa kikao.

Walikaa sebuleni, Baba, Mama na baba mdogo aliyeitwa kuja kutia uzito. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia. Watu wetu ni wastaarabu sana kwenye ukatili. Hakuna aliyetamka neno mchawi. Baba mdogo alizungumza juu ya undugu, Mama akazungumza juu ya afya yangu, na Baba, mdogo wake Shangazi, aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyo huko Lindi, akasema tu, "Dada, tumeona upumzike kwingine kidogo."

"Nipumzike kwani nimechoka?" Shangazi akauliza.

Nikapiga kelele kutoka kitandani. Nilisema ni oili, anaua mbu, muulizeni fundi wa bodaboda. Nikamsikia Mama akisema kwa huzuni ya kweli kabisa, "Mnaona? Si yeye huyo anayesema. Kashafungwa mdomo, anamtetea." Nilipotukana, nilitukana kweli, wakasema homa imepanda. Mdomo wangu mwenyewe ukageuzwa ushahidi.

Shangazi hakujitetea. Alikunja nguo zake, akaweka kikopo cha ugoro kwenye sidiria, akaja kuniaga akanigusa paji la uso. Mama alisimama mlangoni kutazama ananigusa wapi. Wiki ile kwa mara ya kwanza Alhamisi ikapita bila oili, na zilizofuata pia. Mbu wakazidi, na Mama akasema ndiyo dalili kwamba mchawi ameondoka na hasira.

Hospitali nilipelekwa pale nilipoanza kuweweseka, maana hapo hata Mama aliogopa. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, aliutazama mguu, kisha akauliza nani kanichanja. Mama akatazama dirishani. Wakanipa dawa za kuua vijidudu vilivyoingia kwenye chale, wakapima damu, na homa iliposhuka daktari akakaa pembeni ya kitanda akanieleza kilichokuwa ndani ya mguu wangu. Nililisikiliza kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuzungumza kuhusu mguu ule bila kumzungumzia mtu.

Alisema hivi. Damu ikipita kwenye vijishipa vyembamba, maji yake kidogo hupenya nje na kuingia nyamani kulisha mwili. Mengi hurudi yalikotoka. Yanayobaki yana njia nyingine ya kurudia, mishipa ya limfu, ambayo haina moyo wa kuisukuma kama damu ilivyo nao. Inategemea sana wewe utembee, ukunje kifundo, misuli ijikaze. Hapo maji yanapanda, na ndani kuna vilango vya kuyazuia yasirudi chini. Njiani yanapita kwenye tezi, za kinenani, za kwapani, za shingoni, na humo ndimo wanamokaa askari wa mwili. Chochote kibaya kilichookotwa huko chini kinakamatwa hapo. Ule mtoki uliokuwa ukinivimba haukuwa ugonjwa mwingine, ilikuwa tezi iko vitani. Yakishapita humo, maji yanapanda mpaka karibu na mtulinga na kumwagika tena kwenye damu. Kutwa kucha, bila shukrani ya mtu.

Sasa mbu wenye vijiminyoo wakikung'ata, si siku moja wala mwaka mmoja, minyoo hukua na kwenda kukaa kwenye mishipa hiyohiyo. Ni myembamba kama uzi wa kushonea. Inaitanua mishipa, vilango vinaacha kufunga, na maji yanabaki chini kama mtaro wa kwetu ulioziba kwa chupa za plastiki. Ngozi inakuwa ngumu, inapasuka, vijidudu vinaingia kwenye nyufa, homa inakuja, na kila homa inaharibu zaidi. Ndiyo maana anayechanja mguu wa matende anafungua mlango na kuwakaribisha wezi.

Kuna jambo alilisema kwa kupita tu. Alisema si minyoo peke yake inayoharibu. Askari wa mwili wanapoishambulia, hasa minyoo ikifa, vita vyenyewe hubomoa mshipa uliokuwa unalindwa. Mimi nilibaki nalo hilo. Nikasema moyoni, huyu daktari ameijua familia yetu bila kuambiwa.

Nikamuuliza hao mbu wanakaa wapi. Akasema hapa mjini wanapenda maji machafu, kwenye vyoo vya shimo, mitaro, chemba zisizofunikwa. Nikamwangalia Mama. Alikuwa anapanga machungwa kwenye mfuko, anayapanga tena.

Sisemi mbu walioniambukiza wote walizaliwa kwenye chemba yetu. Temeke ina mbu wa kumtosha kila mtu. Nasema kwamba katika nyumba ile yote alikuwepo mtu mmoja tu aliyepigana nao, na ndiye tuliyemtoa.

Nilipoweza kutembea tena nilikwenda kumtafuta. Alikuwa Bunju, upande wa pili kabisa wa jiji, analinda pagale la mtu ambaye hajapata pesa ya kupaua. Chumba kimoja kilikuwa na bati, humo ndimo alimolala. Nje palikuwa na pipa la maji ya ujenzi, na juu ya maji niliona rangi zile zinazong'aa za oili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe mguu."

Hakuniuliza nimekujaje. Aliushika mguu, akaubonyeza kwa dole gumba, akatazama makovu ya chale. Nikamwambia yote ya daktari, minyoo, mbu, tezi, chemba. Nilitegemea afurahi, au alie. Alivuta ugoro.

"Sasa unaniambia mie?" alisema. "Mie ndo wa kuambiwa habari ya mbu?"

"Kwa nini hukusema, shangazi? Siku ile, kwenye kikao."

"Ningesema nini? Mwanamke hana mume, hana mtoto, anakaa kwenye nyumba ya watu. Nikinyamaza mchawi, nikisema mchawi mwenye mdomo. Bora ninyamaze nipumzishe taya."

Nikamuuliza kitu kilichonikera tangu utotoni, alikuwa akinong'ona nini pale kwenye chemba. Akacheka mpaka ugoro ukamtoka.

"Nilikuwaga namtukana babako. Mvivu yule! Zege ndoo mbili tu. Mtu mzima namtukana kwa sauti mbele ya wanawe? Ndo nikawa namtukania chembani."

Tulicheka wote wawili, kwenye nyumba isiyo na paa, na mimi katikati ya kicheko nikahisi hasira inanipanda. Maneno yale ndiyo Mama aliyomwambia kila mtu kuwa ni ya kiganga. Nikamwahidi Shangazi kwamba nitamrudisha. Akasema, "Wewe rudi kwanza usije ukakosa gari."

Nyumbani nikawakalisha Baba na Mama sebuleni, pale pale walipofanyia kikao. Nikasema yote, mpaka matusi. Baba akatazama miguu yake. Baba naye ana maradhi yake siku hizi, jambo ambalo binti hatakiwi kulijua, lakini msuli anaojifunga kiunoni haufichi kila kitu na anatembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Daktari alisema minyoo hiyohiyo ndiyo inayowapa wanaume busha. Nikamuuliza Mama, kama mimi nilikanyaga, Baba yeye alikanyaga kwa kitu gani?

"Mwanangu, mie sijabisha hospitali," Mama akasema. "Sawa, ni mbu. Nakubali mbu. Haya, na huyo mbu nani aliyemtuma?"

Ndiyo hapo nilipojua kwamba nimeshindwa. Unaweza kumweleza mtu mshipa, ukamweleza tezi na minyoo na vilango, na mwisho akakuuliza nani aliyemtuma mbu. Nikamwambia aliyemtuma ni Baba, kwa kutoweka mfuniko. Baba akainuka, akasema anawahi swala, na adhana ilikuwa bado.

Nikamwambia Mama sitaki ubishi, nataka ampigie simu wifi yake aseme tulikosea, arudi. Mama akauliza, "Hiyo oili alikuwa anamimina kiasi gani?"

Nilidhani ni mwanzo wa toba. Nikamjibu kwa furaha, kopo moja, taratibu.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa bandani nashona. Nimebaki na cherehani ya kukanyaga, kwa kuwa daktari alisema kifundo kikicheza maji yanapanda, japo wateja wananiuliza kwa nini sinunui mota. Nikamwona Mama anapita na kopo kutoka kwa fundi wa bodaboda. Akazunguka nyuma. Nikaacha sare ya mtoto wa watu chini ya sindano nikamfuata. Alisogeza tairi, akainua bati, akamimina, midomo ikicheza. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Unaua mbu, mama? Umefanya vizuri, wametumaliza. Alhamisi nyingine na sie tuletee kidogo."

Mama akacheka, akasema atamletea. Hakuna aliyekimbilia Mbagala, wala aliyeitisha kikao. Kopo ni lile lile, siku ni ile ile, chemba ni ile ile. Tofauti ni kwamba Mama ana mume, ana watoto, na nyumba ni yake.

"Mama," nikamwambia, "nimpigie shangazi uzungumze naye?"

Akafuta mikono kwenye kanga. "Mwambie tu tunamsalimia."

Nilimpigia nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia Mama anamimina oili kwenye chemba, na kwamba anamsalimia. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikujali nani anasikia. Nikasikia upepo wa Bunju ukipiga kwenye mabati ya watu.

"Anafikisha kwenye kona?" Shangazi akauliza. "Akimimina katikati tu haisaidii. Kwenye kona ndiko wanakojificha. Mwambie."

Hafikishi. Nimemchungulia kila Alhamisi, anamimina katikati anafunika, na mbu bado wapo. Sijamwambia. Namba ya wifi yake anayo kwenye simu. Ampigie mwenyewe, aanze na samahani, ya kona atayauliza baadaye.